Sikio la Opareta

Kila nyumba ina mmoja anayewazidi wengine kwa maneno, na katika nyumba ya Opareta huyo mmoja alikuwa kompyuta. Ilianza kumnong'oneza masikioni kabla chai haijachemka, ikaendelea mpaka majirani wawashe taa, ikimsomea kila herufi aliyoigusa. Hata hedifoni hazikuweza kuizuia. Sauti ilivuja mpaka mlangoni, sauti ya puani, ya haraka, inayotamka Kiswahili kama mgeni mwenye kiazi cha moto mdomoni. Mkewe aliipa jina. Aliiita mke mwenza. Wateja wake wa masweta wakilisikia jina hilo walicheka mpaka wakashika mbavu, naye alicheka pamoja nao, ila ukweli ni kwamba hakuwa anatania sana.

Opareta hakuwa na macho tangu utotoni. Alikuwa na masikio, na masikio hayo yalimlisha miaka thelathini kwenye chumba cha simu cha ofisi kubwa, akiunganisha watu na watu wao, mpaka ofisi iliponunua chombo kinachosema bonyeza moja, bonyeza mbili, ikamwambia ahsante. Mwana wao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi mbali, ndiye aliyemletea kompyuta kuukuu yenye programu ya kuwasomea wasioona. Mzee akafufuka. Alipata vibarua vya kuandika kanda za mikutano neno kwa neno, akawa anatoka chumba cha mbele kwa kula na kulala tu. Mwaka wa nne huo. Mkewe alizoea kusema na mgongo wake, na mgongo ulipokosa kujibu, akazoea kusema na sufuria.

"Leo kuni zina unyevu," huiambia sufuria. "Yule wa sweta la bluu kaongeza mikono, eti mtoto kakua." Sufuria angalau ilikuwa ikitokota.

Jumamosi moja mke mwenza akameza ulimi.

Tuseme kweli, chanzo kilikuwa sweta. Mama huyu alikuwa na tabia ya kuvisha kila kitu: redio, birika, hata mtungi wa maji. Kompyuta nayo aliifumia sweta la kijani lenye vifungo, isipate vumbi. Nyuzi zake zikaingia kwenye feni, mashine ikaanza kunguruma na kupata joto, ikabidi aitwe fundi kompyuta. Kijana alipoiona alisimama mlangoni akaweka mkono kiunoni.

"Mama, hii mashine ina homa? Mbona mmeivisha sweta?"

Opareta akacheka. Mkewe akachukua sweta lake, akalikunja polepole, akaenda nalo jikoni. Huko nyuma fundi alifungua boksi, akachomoa hiki na kile, akapuliza, akarudishia, akapokea chake, akaenda zake. Opareta akavaa hedifoni. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Mkewe alikuwa jikoni, na kwa mara ya kwanza alisikia nyumba ilivyo kimya.

"Imekataa kusema," Opareta aliita. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamka akakuta mlango wa nyumba haupo.

Alimpigia fundi.

"Lakini inawaka, mzee, au haiwaki?"

"Inawaka. Haisemi."

"Basi kazi yangu nilimaliza. Mfumo wenyewe huo ni wa zamani, hata walioutengeneza walishautupa. Hiyo ni ya kupeleka makumbusho. Nunua mpya."

"Programu yangu ya kusoma haikubali mifumo mipya, kijana wangu. Ukinihamisha hapa umenifungia mlango."

"Sasa hapo, mzee, sina la kusema," fundi alisema, na simu ikakatwa.

Opareta aliendelea kuishika sikioni. Miaka thelathini hakuwahi kumkatia mtu laini kabla mtu hajamaliza. Akampigia mwanawe. Mwana alikuwa kazini, akaahidi kupiga jioni, na jioni hiyo haikufika. Na kwenye meza, kando ya kinasa sauti, kulikuwa na kanda tatu za mkutano wa chama cha wafuga nyuki, ambazo Katibu angezifuata Alhamisi zikiwa zimeandikwa. Kanda ya kwanza tu ndiyo ilikuwa tayari.

*

Jumatatu asubuhi Opareta alitoka mpaka mlango wa jikoni, jambo lisilo la kawaida saa zile.

"Uko na kazi?"

"Nafuma."

"Iache kidogo. Njoo uvute kiti."

"Mimi? Mimi najua nini cha kompyuta?"

"Kwani humu ndani kuna mwenye macho mwingine? Wewe utakuwa macho, mimi nitakuwa kumbukumbu. Tukishindwa, tutakuwa tumeshindwa watu wawili."

Akavuta kiti. Tangu mashine iingie hakuwahi kukaa mbele yake zaidi ya kuifuta. Opareta alimwambia abonyeze vitufe gani, ashuke mara ngapi, aingie wapi. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chake kiliishia kwenye vibandiko vya nyuzi za sufu, kwa hiyo alisoma herufi moja moja kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, na mumewe akaziunganisha.

"Hapo sasa umefika kwenye orodha ya vifaa vyote. Kuna kitu kimekaa vibaya?"

"Kuna kialama cha manjano. Kama kijiti kimesimama juu ya nukta."

"Kiko kwenye jina gani? Nisomee."

Akasoma. Opareta akaitikia kwa kichwa. "Hiyo ndiyo kadi ya sauti. Kingine?"

"Kingine kipo mstari wa juu yake." Akasoma tena, herufi kwa herufi.

Opareta akapiga paja. "Kadi ya waya wa simu! Ah, mke wangu, nimeshajua. Ni laini moja, imepewa wateja wawili. Kila mmoja anasema haloo, haloo, hakuna anayesikika. Zima kila kitu, chomoa umeme."

Alipiga magoti, akapitisha vidole nyuma ya boksi taratibu. Aliweka gumba kwenye feni akanyoosha kiganja. "Nilichomeka hedifoni kwa kupapasa tu, sikupima. Tundu lake lilikuwa huku chini, kidole cha mwisho kikilifikia. Leo liko juu, na la simu ndilo limekaa chini. Yule kijana alichomoa kadi apulize vumbi, akazirudisha moja mahali pa mwenzake. Mwanao aliniambia siku ile anaziweka: baba, hizi mbili zikibadilishana zitagombana."

"Na mimi ndiye niliyefanywa mshamba kwa sababu ya sweta," mkewe alisema.

"Sweta lako lilikuwa na joto tu. Yeye ana ujinga. Leta bisibisi."

Bisibisi alikuwa nayo, ile ya mashine yake ya kufumia, ambayo aliifungua na kuifunga mwenyewe kila mwezi bila kumwita mtu. Akalegeza skrubu. Opareta akamwelekeza avute kadi sawasawa bila kuiyumbisha, akazipokea mikononi, akazipapasa, akamrudishia moja moja. Mikono yao iligongana ndani ya lile boksi zaidi ya mara moja. Mama wa watu alihisi uso wake ukipata moto, na umri ule!

Walipowasha, mashine ilianza kujieleza: imeona kifaa kipya, imeona na kingine. Akabonyeza alivyoambiwa. Ikajizima, ikajiwasha. Alama za manjano zilikuwa zimetoweka zote mbili.

Opareta alikuwa amevaa hedifoni, ameinamisha kichwa. "Kama nimesikia kitu," alisema. "Kidogo tu. Pu! Halafu basi."

Mkewe akatazama kona ya chini ya skrini, pale penye saa. Palikuwa na kipaza sauti kidogo, kipana mdomo, na juu yake kimekatwa mstari mwekundu. Hilo hakuhitaji Kiingereza kulielewa. Alama kama ile ilikuwa kwenye televisheni ya jirani na kwenye simu yake mwenyewe. Mashine ilikuwa imepona. Ilikuwa imezibwa mdomo tu, na kuuzibua kungechukua mbonyezo mmoja.

Alifungua kinywa amwambie. Akamtazama kwanza. Opareta alikuwa amevua hedifoni na kumgeukia yeye, uso mzima, nyusi zimeinuka, akisubiri neno kutoka kwake. Mara ya mwisho kumgeukia hivyo ilikuwa lini? Alitafuta kichwani asiipate.

"Inasemaje?" aliuliza Opareta.

"Bado," alisema.

"Bado nini? Nimesikia pu, mimi."

"Labda ni umeme. Huku sioni kitu. Tutajaribu tena kesho."

Opareta akajipapasa sikio la kulia, kisha la kushoto. "Labda ni umeme," akakubali.

*

Jumanne na Jumatano zilikuwa siku ambazo mwanamke yule angeweza kuziweka kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Opareta alijua kuandika bila kuona, vidole vyake havikuwa na shida. Shida ilikuwa kujua anaandika wapi. Kwa hiyo mkewe alihamia chumba cha mbele na sindano zake za kufumia. Mzee aliweka kinasa sauti, akasikiliza, akaandika mstari, akasema, "Haya, bibie, uko hewani," naye akamsomea.

"Mjumbe wa pili alisema nyuki wake hawana ugomvi na mtu, bali mbuzi wa mwenyekiti ndio waliowatukana."

"Wametukanwa kwa lugha gani?"

"Haikuandikwa."

"Basi kumbukumbu haijakamilika," Opareta alisema, wakacheka wote wawili mpaka sindano ikaanguka.

Walizungumza mambo yaliyolala miaka. Alimweleza habari za mteja wa sweta la bluu. Mzee akauliza, mtoto gani huyo? Kumbe hakuwa na habari kwamba nyumba ya pili wamepata mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa ameanza chekechea! Alipokwenda jikoni mzee alimfuata, akakaa kwenye kigoda, akasikiliza vifuniko na makopo vikiwekwa mahali pake, akitaja kila kimoja kwa mlio. Sufuria zilitokota bila kuambiwa neno.

Kila asubuhi Opareta aliuliza, "Tujaribu tena?" Kila asubuhi mkewe alikaa mbele ya ile alama nyekundu, akabonyezabonyeza mahali pasipo na maana, akasema, "Bado." Usidhani halikumchoma. Lilimchoma. Alijiambia, Alhamisi nitasema. Katibu akishachukua kazi yake, nitasema siku hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba kusomeana mstari kwa mstari ni mwendo wa kobe. Mpaka Jumatano jioni walikuwa wamemaliza kanda ya pili, na ya tatu ndiyo kwanza ilikuwa na mistari sita.

Alhamisi ilimbidi apeleke masweta kwa wateja. "Nitarudi upesi, usiguse kitu," alimwambia.

"Nisiguse? Mimi mtoto?" Opareta alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikuwa na ukali. "Nenda. Utanikuta nimemaliza."

Aliporudi alimkuta Katibu ameshafika, mtu mnene mwenye mkoba, amekaa pembeni ya kiti. Opareta alikuwa mbele ya mashine, shingo imenyooka, uso unang'aa.

"Mama, shikamoo," Katibu alisema. "Mzee anaendeleaje? Kazi anaiweza kweli?"

"Marahaba. Muulize mwenyewe, huyo hapo mbele yako."

"Kanda ya tatu imekwisha," Opareta alisema bila kungoja kuulizwa. "Masaa mawili sikuinua vidole. Mke wangu, hebu msomee Katibu pale mwenyekiti anapojibu habari ya mizinga."

Akasogea. Kwenye skrini kulikuwa na mistari sita ile ya jana, na katikati kisanduku kidogo kilichokuwa kikiuliza swali na kungoja jibu. Pengine kidole kiliteleza mapema kabisa kikagusa kitufe kisicho chake, kisanduku kikatokea, na tangu hapo kila herufi iligonga mlango uliofungwa. Masaa mawili ya herufi. Mke mwenza angekuwa na ulimi wake, angemwambia pale pale, kabla hata ya neno la pili.

"Soma basi," Opareta alisema.

Hakuweza kusoma, na hakuwa na uongo mwingine. Katibu aliinuka, akainama juu ya bega la mzee, akatazama.

"Mbona hakuna kitu hapa? Ni mistari michache tu." Akacheka, si kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. "Mzee wangu, umeandika hewani."

Vidole vya Opareta vilibaki juu ya kibodi. "Haiwezekani," alisema. Kisha akasema taratibu, "Mke wangu?"

"Hakuna," mkewe alisema.

Katibu alichukua karatasi za kanda mbili zilizokwisha chapwa, akaokota kanda mbili za mezani akazitia mkobani. "Na safari ijayo nitampa yule binti wa steshenari pale barabarani. Si kwa ubaya, mama. Umpumzishe mzee, kafanya kazi miaka mingi." Akampigapiga Opareta begani, kama mtu anavyomsifu mtoto aliyejaribu kubeba ndoo iliyojaa, akatoka. Kwa haraka yake alisahau kanda ya tatu ndani ya kinasa sauti.

Opareta alivua hedifoni, akaviringisha waya wake kwa uangalifu, akaziweka juu ya meza. "Zamani nilikuwa na laini arobaini," alisema. "Arobaini, na sikuwahi kumpoteza mtu hata mmoja. Leo nimeshindwa kujua kama naandika au nagonga meza."

Mkewe akavuta kiti. Akashika kipanya, akakipeleka kwenye kile kipaza sauti chenye mstari mwekundu, akabonyeza, mstari ukatoweka.

Hedifoni zikapasuka kwa maneno pale pale mezani. Sauti ya puani, kiazi cha moto na kila kitu, ikaanza kusoma kisanduku na swali lake.

Opareta aliruka. Akazishika, akazikandamiza sikioni, akazitoa. "Umefanya nini?"

"Nimebonyeza."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Opareta akapiga hesabu yake. Masikio yale hayakuwa ya kudanganywa mara mbili. "Tangu lini ilikuwa mara moja?"

"Tangu Jumatatu," mkewe alisema.

Aliposema tena hakupaza sauti.

"Nilisikia pu. Nilikwambia nimesikia. Ukasema ni umeme. Unajua nilifanya nini usiku ule? Nililala nikiwaza kwamba masikio yangu yameanza kufa. Kwamba nilichobakiwa nacho kinakwenda. Nimekuamini wewe kuliko masikio yangu. Ukinipa shati ukaniambia jeupe, ni jeupe. Ukiniambia sahani ni safi, nakula. Watu wengine wakinidanganya nitajua, nawasikia. Wewe sikusikilizi kwa mashaka."

"Nisamehe, Baba."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo yalipomtoka, na hakuyapanga. "Kwa sababu miaka minne nasema na mgongo! Nakuita kwenye chakula, husikii, nakuja kukugusa bega kama mgeni aliyepotea njia. Nikiumwa naiambia sufuria. Siku ile umenigeukia ukaniuliza inasemaje, mimi! Mimi ndiye niliyeulizwa. Nikaona nikibonyeza tu, umeondoka tena." Akafuta uso kwa sweta lililokuwa karibu. "Nilikuwa mpweke, Baba. Ni hilo tu. Si sababu ya kukufanyia vile, lakini ndiyo sababu."

Opareta alipapasa meza mpaka akazipata hedifoni, akazivaa, akageukia mashine. Akajibu kile kisanduku, akarudisha kanda ya tatu mwanzo, akaanza upya kazi ambayo hakuna tena aliyekuwa akiingoja. Mgongo ulikuwa mgongo ule ule. Mkewe alikusanya sindano zake, akarudi jikoni.

Akabandika sufuria. Nje mchana ulikuwa unakwisha, watoto wa jirani wakigombania mpira. Kutoka chumba cha mbele ilisikika kibodi na ule mlio wa mbu wa mke mwenza, kama vile siku mbili zile hazikuwahi kuwepo. Alikata mboga. Akanyoosha mkono rafuni, mkono ukarudi mtupu.

"Na chumvi nayo imekwisha," aliiambia sufuria kwa sauti ya chini. "Na mimi leo sina miguu ya kwenda dukani."

Kibodi ikanyamaza.

"Haijaisha," Opareta alisema kutoka kule. "Iko nyuma ya kopo la majani ya chai. Nilisikia ulipoiweka jana."

Alisimama na kisu mkononi. Kisha akaenda mpaka mlangoni, akachungulia. Mumewe alikuwa amempa mgongo, ameinama juu ya kazi, bado amekunja uso. Hedifoni alikuwa amezivaa upande, kama walivyozivaa zamani kwenye chumba cha simu: sikio moja limefunikwa, la pili, lililoelekea jikoni, liko wazi.

Alirudi, akasogeza kopo la majani. Chumvi ilikuwepo.